Habari ya Jana, Jembe la Kesho

Asubuhi ya Juni, Singida mjini kuna baridi kwelikweli. Gesti niliyolala, hita ilikuwa mbali na bafu. Nikafungua bomba: baridi. Nikazungusha zaidi, bado baridi. Nikazungusha tena, mara yakaja ya kuunguza. Nikarudisha kwa hasira, yakawa barafu. Bomba halikuwa bovu. Maji yalikuwa njiani, na mimi sikusubiri.

Nikaikumbuka alizeti. Mkulima wa Iramba au Mkalama anapanda Desemba au Januari akiangalia bei ya mavuno yaliyopita. Bei ikiwa nzuri, kijiji kizima kinapanda. Mavuno yanafurika, bei inashuka. Mwakani wengi wanaacha, bei inapanda tena. Kila mmoja ametumia akili, kwa habari ya kweli, ila ya jana. Na mvua, nani anaijua? Halafu ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje, unaoisukuma bei hiyohiyo, hutangazwa kwenye bajeti ya Juni, wakati alizeti iko tayari kwenye magunia.

Mwaka 1868, James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba kifaa cha kudhibiti mwendo wa mashine kinaweza chenyewe kuifanya mashine iyumbe. Wahandisi waliomfuata walijifunza kwamba habari ikichelewa, ukisahihisha kwa nguvu unazidisha kuyumba.

Wahenga wametuachia haraka haraka haina baraka, wakatuachia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Zamani niliona zinapingana. Sasa naona zinakwenda pamoja: anza mapema, ila gusa kidogo, kisha tazama. Kutojua si kosa. Kosa ni kusukuma kwa nguvu inayozidi unachokijua.

Lakini jamani, upole huu tumdai nani? Bei ikishuka kidogo, mkulima anapunguza shamba. Ikishuka sana, anauza maksai wa plau. Hapo hata bei ikirudi palepale, yeye harudi. Hana cha kulimia. Kuna mahali ukivuka, kusahihisha hakusaidii tena.

Kwa hiyo mimi siwezi kumlaumu mkulima kwa kukimbilia bei. Wajibu wa kwanza wa kwenda polepole, na wa kutangaza kabla ya mbegu kuingia ardhini, ni wa wenye mkono mkubwa: wanaopanga ushuru, wanaonunua kwa malori. Pale gesti mwenye kuzungusha bomba ndiye aliyeungua. Kwenye alizeti, anayezungusha ni mmoja na anayeoga ni mwingine.