Jiwe Lisilo na Maiti

Kwetu kuna kaburi moja lisilo na jina. Bibi alikuwa akilionyesha kwa fimbo na kusema, "Huyo ni wetu," basi. Alipofariki, binamu yangu akataka tuliwekee msalaba wenye jina la kaka yake babu, aliyekwenda vitani asirudi. "Hata kama siye," akasema, "angalau tutapata pa kulilia." Nilikataa, tukanuniana. Tangu hapo nimekuwa nikiufikiria uwanja wa vita wa Little Bighorn, kule Montana, Marekani.

Juni 25, 1876, Walakota na Wacheyenne walioshambuliwa kambini mwao walimshinda Custer. Watu takriban 210 aliokuwa nao waliuawa wote. Walizikwa juujuu tu, na mwaka 1881 mifupa ikakusanywa katika kaburi la pamoja. Mwaka 1890 jeshi likasimamisha mawe meupe pale ambapo kila askari alidhaniwa kuanguka. Hebu piga hesabu: mawe yako karibu 250. Yaani mengine yanasimama mahali ambapo hakufa mtu.

Mwaka 1983 moto uliunguza nyasi, ardhi ikabaki wazi, na wanaakiolojia wakaanza kuchimba. Wakapata vipande vya mifupa ya uso, meno yamelika kama ya mtu aliyeng'ata kiko miaka mingi. Walipovilinganisha na picha ya Mitch Boyer, skauti na mkalimani, baba mwenye asili ya Kifaransa, mama Msioux, vikaoana. Kumbe kiko ndicho kilichomtunzia jina!

Ila mabaki mengine mengi hayakupewa jina. Orodha ya waliokufa ilikuwapo, wangeweza kubahatisha. Hawakubahatisha, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Binamu yangu si mjinga. Aliye hai anahitaji pa kulilia, na mawe yale 250 yamewaliza wengi. Lakini maiti hawezi kulikana jina tunalombandika. Jina la kukisia linadhulumu wawili: aliyelala pale anafutwa, na aliyepotea hatafutwi tena, maana tumeshajiambia amepatikana.

Juzi nikamwandikia binamu: tuweke jiwe, ila tuandike maneno ya bibi tu, "Huyo ni wetu." Hayo tuna hakika nayo.

Ameshausoma ujumbe. Bado hajajibu.