Panya Naye Ana Haki Yake

Mtu amepanda mihogo na mchicha uani kwake, na pembeni ana mnazi wa urithi. Akiamka asubuhi hukuta muhogo umetafunwa chini kwa chini na fuko, mboga zimekatwa na panya, na vitale vimetobolewa na kuanguka. Je, yafaa awaue viumbe hao? Jawabu ni fupi: yafaa. Lakini liko swali la pili ambalo wengi hawaliulizi, nalo ndilo zito zaidi: awaue kwa njia gani, na madhara ya kuua kwake yatamwangukia nani?

Ama ruhusa yenyewe haina shaka. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, Mtume (S.A.W.) amewataja wanyama watano wenye kudhuru ambao huuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na panya ni mmoja wao, pamoja na nge, mwewe, kunguru na mbwa mkali. Tena ametuagiza tufunike vyombo na tuzime taa tunapolala, kwani panya huweza kuuvuta utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Yatupasa tuizingatie kinga hii, kwani twaipenda ruhusa ya kuua na kuisahau kazi ya kufunika.

Wako wasemao kwamba panya ameitwa fasiki, na fasiki hana heshima, basi mtu na amfanye apendavyo. Kauli hii si sawa. Wanavyuoni wameeleza kuwa jina hilo alipewa kwa sababu ya kuudhi na kuharibu kwake, wala si kwa sababu ana dhambi. Mnyama hana taklifu, basi dhambi ataitoa wapi? Huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, buku, ambaye kwetu ni mwizi wa mihogo, hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ili wenye kifua kikuu wajulikane. Kumbe ubaya haumo katika umbile lake. Yeye atafuta riziki, nasi twatafuta riziki, na tumekutana kwenye tuta moja.

Na Mtume yule yule aliyetupa ruhusa ndiye aliyetufundisha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake ampumzishe mnyama wake. Vile vile amekataza kuadhibu kwa moto. Nasi twaona panya aliyenaswa akimwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa kiberiti, na watoto wamesimama wakicheka. Twaona gundi ya panya ikiuzwa mitaani, ambayo mnyama hunata miguu na manyoya, akakaa usiku kucha na pengine siku nzima akijichana ngozi, mpaka afe kwa kiu na uchovu. Huko England ilitungwa sheria mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2024, ya kumkataza asiye na leseni kutega panya kwa gundi. Wao wamelifikia jambo hili juzi. Nasi tulipewa karne kumi na nne zilizopita, na gundi ingali chini ya makabati yetu.

Ama sumu, nyingi katika zinazouzwa madukani siku hizi huizuia damu isigande. Panya aliyeila hafi papo hapo. Hudumu siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, na huku angali anatembea. Akiliwa na paka wa jirani, sumu humfikia paka. Punje zilizotupwa ovyo huokotwa na kuku, au na mtoto mdogo. Basi wewe umeokoa tuta la mchicha na jirani amepata msiba! Wanavyuoni wa fiqhi wamekubaliana kuwa dhara haliondolewi kwa kuleta dhara lililo mfano wake. Na Mtume amesimulia habari ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja, akaamuru kundi zima lichomwe; Mola wake akamlaumu kwa nini hakumwadhibu yule mmoja aliyemuuma.

Bundi naye huangamia kwa sumu hiyo hiyo, naye ndiye mlinzi wa bustani usiku. Lakini wengi wetu humfukuza kwa mawe, kwa kudhani analeta mauti, hali Mtume ameikanusha itikadi hiyo. Twamwua mlinzi kwa dhana, kisha twalalamikia wingi wa wezi.

Ewe ndugu msomaji, panya jike huchukua mimba wiki tatu tu, akazaa sita, wanane au zaidi. Mwenye kuua bila ya kuziba chanzo hataacha kuua maisha yake. Anza, basi, kwa kuondoa takataka na mabaki ya chakula uani, na kuziba kila tundu linalopitisha kidole. Fyeka majani karibu na ukuta. Vunja mihogo iliyokomaa, usiiache ardhini kuwa karamu ya fuko. Mnazi uvike ukanda mpana wa bati shinani, juu kuliko panya awezavyo kuruka, kwani kucha zake hazishiki bati. Baada ya hayo, aliyebaki mtegee mtego wa chuma wenye nguvu, unaoua kwa pigo moja, na uutazame kila alfajiri. Ikiwa dharura imekulazimisha kutumia sumu, iweke ndani ya sanduku lililofungwa, mjulishe jirani, na uzike mizoga.

Mali ni amana, na kuilinda ni wajibu. Lakini mtoto anayetutazama tukimtesa kiumbe dhaifu hajifunzi kulinda mihogo. Hujifunza kwamba mwenye nguvu hana mpaka, na kesho atakuwa na nguvu juu ya mke, mtumishi na yatima. Tumuulize nafsi zetu leo, kabla hatujaulizwa.

Wallahu aalam.