Waliozikwa na Bahari

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa katika msafara wa vita, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na kati yao mamia ya vijana wetu wa Afrika Mashariki, askari wa mizinga.

Hapa Murongo bahari i mbali. Twajua kufagia kaburi. Pasipo kaburi, jina husahauliwa upesi. Hilo lisiwe kwetu. Nyumba iliyoletewa habari bila maiti na imtaje kijana wake katika Misa. Bahari imemfunika, haikumficha Mungu asimwone.