Nyumba Moja, Chombo Kimoja

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo. 21:1-6, Mdo. 27, Zab. 107:23-30, Ebr. 11:7.

Fungu la Kukariri: Zaburi 107:30. (Likariri kutoka katika Biblia yako.)

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, familia nyingi za Njombe husafiri kwenda kuwasalimu wazee. Anayetoka Ramadhani au Makambako, ikiwa ndugu zake wako kando ya Ziwa Nyasa, hupita Ludewa na kuteremka mpaka Lupingu. Milima ya Livingstone imesimama ukingoni mwa ziwa, na vijiji vingi vilivyo chini yake vimezoea kufikiwa kwa maji kuliko kwa barabara. Baba, mama, watoto na mfuko wa viazi, wote huingia katika chombo kimoja na kuufuata ukingo wa ziwa.

Safari hiyo ina fundisho. Barabarani mtu anaweza kushuka njiani. Majini, aliyesema "twende" amewachukua wote. Juma hili tutamfuata Paulo katika safari zake za kandokando ya pwani, tuone jinsi uamuzi wa mmoja unavyowabeba wengi.

JUMAPILI
Magoti Mchangani

*Soma Mdo. 21:1-6. Ni nani waliomsindikiza Paulo, nao walifanya nini ufuoni?*

Luka anaitaja safari hii kituo kwa kituo: Kosi, Rodo, Patara, kisha Tiro. Siku ya kuagana na ndugu wa Tiro, wanaume hawakuja peke yao. Walikuja na wake zao na watoto wao mpaka nje ya mji, wakapiga magoti pwani, wakaomba. Watoto wale hawakusimuliwa tu kwamba wazazi wao huomba. Waliona kwa macho.

*Mtoto wako huona nini kabla ya safari: haraka na ubishi wa nauli, au magoti yaliyopigwa?*

JUMATATU
Upepo wa Kusini

*Soma Mdo. 27:9-13. Ni sababu zipi zilizomfanya akida asilifuate shauri la Paulo?*

Sababu zake zilionekana kuwa nzuri. Nahodha alikuwa na ujuzi. Mwenye merikebu alikuwa na mali yake ndani. Bandari Nzuri haikufaa kwa kukaa wakati wa baridi. Walio wengi walitaka kuondoka. Kisha upepo wa kusini ukavuma kwa upole, wakadhani wamepata walichokitaka. Aliyesema "tungojeni" alikuwa mtu mmoja tu, tena mfungwa.

Wakazi wa Ziwa Nyasa wanaujua upepo wa kusi. Kati ya Mei na Agosti, maji yaliyotulia alfajiri yanaweza kuwa mawimbi makubwa baadaye. Upole wa upepo si jibu la Mungu. Mkopo wa haraka, kazi yenye mshahara mnono inayodai siku ya Sabato, mchumba mwenye mali asiyemcha Mungu: mambo haya nayo huja kwa upole. Kabla ya kung'oa nanga, familia ijiulize: Je, kuna onyo ambalo tayari tumepewa?

JUMANNE
Karibu na Pwani

*Soma Mdo. 27:13, 14. Merikebu ilikuwa wapi kabla tufani haijaipiga?*

Ilikuwa ikipita karibu kabisa na Krete. Nchi kavu ilionekana. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikiwa karibu kufika gatini Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki walizidi 220. Hatuwahukumu wale waliopotea. Walikuwa katika safari ya kawaida, kama tunazosafiri sisi. Lakini tulio hai tunapaswa kujifunza.

Mzazi ana mamlaka ya kusema, "Chombo kimejaa, tutangoja kingine." Anaweza kudai jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtoto kabla ya kulipa nauli. Anaweza kusikiliza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuahirisha safari, hata kama wenyeji wanamngoja. Huo si upungufu wa imani. Nuhu aliliamini onyo, akajenga safina, na nyumba yake ikaokoka (Ebr. 11:7).

Vivyo hivyo, kuwa karibu na kanisa si sawa na kuwa ndani ya Kristo. Mtoto anaweza kukulia katika Shule ya Sabato, akaiona pwani kila juma, lakini asifike.

JUMATANO
Aliyeonya Akapuuzwa

*Soma Mdo. 27:21-26. Paulo alisema nini kwa watu waliokataa shauri lake?*

Alilitaja kosa mara moja, kisha akawatia moyo. Malaika alikuwa amemwambia kwamba Mungu amempa wote waliosafiri pamoja naye. Kwa ajili ya mtumishi mmoja, chombo kizima kilipata ahadi.

Nyumbani, huenda mama alisema, "Baba, tusiuze shamba," naye hakusikilizwa. Mambo yakiharibika, neno "nilikwambia" halizibi tundu la boti. Sala yake na moyo wake mtulivu vinaweza kuwaokoa wote.

ALHAMISI
Kateni Kamba

*Soma Mdo. 27:30-32. Kwa nini Paulo aliwazuia mabaharia wasiondoke?*

Walijifanya wanashusha nanga, kumbe wanatafuta kutoroka kwa mashua. Ahadi ilikuwa ya wote, nayo iliwataka wote wabaki. Askari wakazikata kamba.

Nyumba nyingi zina mashua ya siri: fedha iliyofichwa, nyumba ndogo, tishio la kuondoka linalorudiwa kila mnapokosana. Maadamu mashua hiyo ipo, hakuna atakayejitoa kwa moyo wote kuokoa chombo. Neno hili halimhusu anayekimbia kipigo. Huyo atafute usalama, naye asaidiwe. Anayepiga ndiye anayetoboa chombo.

*Ni kamba gani unayopaswa kuikata leo?*

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zab. 107:23-30 na Mdo. 27:33-44. Merikebu ilivunjika na ngano ikatupwa baharini, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Mungu hakuahidi kuokoa chombo. Aliahidi kuokoa watu. Familia inaweza kupoteza mazao, nyumba au biashara, na bado ikafika yote katika bandari inayoitamani.

Maswali ya Kujadili

1. Katika nyumba zetu, sauti ya nani hupuuzwa kama ya yule mfungwa? Tufanye nini ili isikike?

2. Kuna msiba ng'ambo ya ziwa. Boti pekee inaondoka Ijumaa jioni, nayo imejaa kupita kiasi. Ndugu wanakuhimiza upande na watoto. Utawajibuje?

3. Taja jambo ambalo familia yako ilipoteza, lakini watu wake wakabaki salama. Mungu aliwafundisha nini?