Kichanja na Haki ya Picha

Kichanja ni kitu kidogo katika nyumba, na mtu akidai kwamba ndani ya kichanja limo swali la haki yamkini atachekwa. Kwa desturi ni miti michache iliyofungwa kwa kamba, na juu yake vyombo vilivyooshwa huanikwa vikapata jua na upepo. Mama wa nyumba hahitaji falsafa ili kukijenga. Lakini vyombo vina subira. Sahani iliyowekwa vibaya huoshwa tena, na sufuria iliyosahauliwa na maji ndani yake haipotezi umbo lake. Picha haina subira hiyo. Picha mbichi ikilazwa juu ya nyingine zote mbili huharibika, wala hapana maji ya kuziosha zikarudi kama zilivyokuwa. Basi anayechagua kichanja cha picha anachagua pia ni kazi zipi zitakazoishi na zipi zitakazopotea, na aghalabu huchagua pasipo kujua kwamba amechagua.

Mfano ulio karibu na maisha ni wa darasa la watoto mahali kama Kibimba, katika mkoa wa Kagera, upande wa Ngara na Biharamulo. Nchi ile ni ya vilima, na mvua zake huja mara mbili kwa mwaka: za vuli kabla ya mwaka kwisha na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo hewa ya ndani ya nyumba hushika unyevu, na karatasi iliyopakwa rangi asubuhi yaweza kuwa ingali mbichi jioni. Chukua watoto hamsini, kila mmoja na picha yake. Zikiachwa sakafuni zitakanyagwa. Zikiwekwa madirishani upepo utazichukua. Zikitolewa uani ataziona mbuzi, naye mbuzi hapambanui karatasi yenye picha na karatasi tupu. Mwalimu amepewa mbao chache, zinazotosha kitu kimoja tu. Je, atengeneze kabati la kufungwa, lenye kutunza picha ishirini zilizo bora kwa miaka mingi? Au atengeneze kichanja cha wazi, chenye kupokea picha zote hamsini kwa siku chache na kisha kuziachilia?

Kabla ya kuuliza lipi ni la haki hapana budi kujua kazi yenyewe, maana wengi huchanganya kukausha na kuhifadhi, wakadhani kwamba la pili ni mwendelezo tu wa la kwanza. La hasha, mambo haya mawili hutaka vitu vinavyopingana. Kukausha hutaka hewa ipitayo juu na chini ya karatasi, nafasi kati ya tabaka na tabaka, na mkono unaofika kila mahali pasipo kugusa kitu kibichi. Kuhifadhi hutaka utulivu: hewa isiyobadilika sana, mwanga mchache, vumbi lizuiwe, na vitu vikaribiane ili visipinde. Kabati zuri la kuhifadhi ni jela ya picha mbichi, kwa kuwa unyevu hauna njia ya kutoka humo, na ukungu hupata makao. Kichanja kizuri cha kukaushia nacho ni uwanja wa vita kwa picha iliyokauka. Vumbi, mende na jua huiendea kutoka pande zote.

Zaidi ya hayo, rangi zenyewe hazina tabia moja. Rangi za maji hukauka kwa maji kuondoka, na zikipata hewa hazichukui muda mrefu. Rangi za mafuta ya kitani hazikauki kwa njia hiyo hata kidogo. Mafuta yale hunywa oksijeni kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Juu yake picha huonekana imekauka baada ya siku kadhaa, lakini ndani huendelea na kazi yake kwa miezi mingi. Jambo la kushangaza zaidi linahusu mwanga. Picha ya rangi za maji ikiachwa katika mwanga mkali hupauka, kwa hiyo giza ni rafiki yake. Picha ya mafuta ya kitani ikifungiwa gizani huelekea kuwa ya manjano, na ikirudishwa mwangani manjano hayo hupungua. Basi kabati moja lenye giza humlinda huyu na kumdhuru yule. Mtu aliyetaka kanuni moja ya kutunza kila kitu sawasawa hapa hushindwa na maumbile, na pengine si vibaya ashindwe mapema.

Watu wa nyumba za zamani katika nchi zile walikuwa na jibu lao kwa tatizo la unyevu, nalo ni uchaga. Juu ya meko hujengwa jukwaa la fito, na juu yake mahindi na nafaka nyingine huwekwa. Moto wa kila siku hukausha, na moshi hufukuza wadudu. Kwa nafaka ni hekima kubwa, kwa maana kukausha na kuhifadhi vimefanywa kuwa jambo moja. Yuko atakayeuliza: kwa nini picha zisitiwe uchagani vilevile? Kwa sababu masizi ambayo hayaizuii mbegu kuota huiua picha. Mbegu thamani yake imo ndani, na ganda likiwa jeusi hapana hasara. Picha yote ni ganda. Ngozi yake ndiyo roho yake. Uchaga ungeitunza karatasi kikamilifu na kuifuta picha kikamilifu.

Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa pili wa daraja la Rusumo, ilikuwako sanaa iliyolikwepa swali lote la kichanja. Katika nchi ya Gisaka, mashariki ya Rwanda, watu walipamba kuta za ndani za nyumba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, wakaichora kwa vidole ikatoka migongo myembamba ya pembe na mizunguko. Ilipokauka waliisugua na kuipaka rangi: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi iliyopikwa kwa utomvu wa mshubiri. Sanaa hiyo huitwa imigongo, na masimulizi humtaja mwana wa mfalme Kimenyi, jina lake Kakira, kuwa ndiye aliyeianzisha. Picha ya namna hiyo hukauka pale pale ilipozaliwa na huhifadhiwa na nyumba yenyewe. Haihitaji saraka wala ufunguo. Karagwe, si mbali na hapo, Stanley alionyeshwa mwaka 1876 nyumba ya hazina ya mfalme Rumanyika, iliyojaa mikuki na sanamu za madini. Sanaa ya mfalme ilikuwa na nyumba ya kuwekwa. Sanaa ya ukutani ilikuwa ndiyo nyumba, na aliyeipenda alilala karibu nayo.

Lakini ukuta hauwezi kubebwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 waliyakimbia mauaji ya kimbari na vita vya Rwanda wakavuka Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliozuka usiku mmoja. Waliovuka walibeba watoto, mikeka, masufuria na magodoro. Hapana hata mmoja aliyeweza kubeba ukuta wake. Nyarubuye, mahali palipojulikana kwa sanaa ile, pakawa mahali pa mauaji. Miaka iliyofuata imigongo ilifufuliwa na wanawake waliosalia, wakiwamo wajane, walioungana katika ushirika, nayo sasa hutengenezwa zaidi juu ya mbao zinazoweza kuchukuliwa na kuuzwa. Siku ile picha ilipoacha ukuta na kupanda juu ya ubao, ndiyo siku ilipoanza kuhitaji kichanja. Basi kichanja si anasa ya watu wenye picha nyingi. Ni ukuta wa watu waliokwisha kujua kwamba nyumba yaweza kuachwa.

Tanzania ina mfano mwingine, ulio mchungu kwa njia yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa zinazotumiwa kupaka baiskeli. Picha zake zilitundikwa nje, penye Morogoro Stores huko Oyster Bay, na wapita njia wakazinunua. Hapakuwa na ghala. Pahali pa kuonyesha palikuwa pahali pa kuuza, na kilichouzwa kilikwenda zake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Kazi yote aliyoifanya ni ya miaka minne tu, na sehemu kubwa ya iliyosalia imo mikononi mwa wageni walioitunza katika nchi zao. Haifai kumlaumu kwa kutoweka akiba. Fundi mwenye kuuza leo ili ale leo hana haja ya kabati, ana haja ya mnunuzi. Walakini mtu akiuliza leo mikono yake ilijifunzaje, picha za mwanzo zilikuwaje na ni zipi alizozikataa mwenyewe, jibu ni haba sana.

Mfano huo huonekana kuwa hoja kubwa ya kabati. Mwenye kulitetea atasema: watoto hamsini wa Kibimba si mafundi hamsini, wengi wao watasahau picha zao kabla ya jua kuchwa, afadhali ishirini zitunzwe, na baada ya miaka thelathini nchi ipate kujua watoto wake waliona nini. Hoja hii haina upuuzi ndani yake. Lakini imeficha jambo moja. Ili kuchagua ishirini hapana budi kuchagua zikiwa bado mbichi, kwa kuwa zile thelathini hazina pa kukaukia. Na picha mbichi si picha kamili. Rangi za maji zikikauka hubadilika; nyingi hupoa na kupauka, na kilichong'aa kwa maji huenda kikawa hafifu, ilhali kilichoonekana kizito na kichafu hutulia kikapendeza. Anayehukumu ubichi anahukumu maji. Ni kama hakimu aliyetoa hukumu shahidi akiwa katikati ya neno.

Kwa hiyo haki mbili zipambanuliwe. Kukauka ni haki ya kila picha, nzuri na mbaya, maana pasipo kukauka haijapata hata nafasi ya kuwa mbaya. Kuhifadhiwa si haki ya kila picha. Ni heshima, na heshima huhitaji hukumu. Kosa la kabati ni kwamba hutoa heshima kabla ya haki. Mtoto ambaye picha yake iliganda na ya jirani yake hakuambiwa kwamba amechora vibaya. Hakuambiwa neno lolote, na hilo ni zito kuliko kuambiwa. Je, mtoto huyo apewe jibu gani akiuliza picha yake iko wapi?

Hesabu ya mbao nayo inaliunga mkono jambo hili, na ni ajabu kwamba watu wachache huifanya. Picha hamsini mbichi zikitengwa kwa sentimita nne kati ya tabaka na tabaka hutaka kimo cha mita mbili. Kwa hiyo yatosha kujenga vichanja viwili vya mita moja kila kimoja, ambavyo mtoto wa darasa la tatu anafika juu yake. Picha hizo hizo zikisha kukauka, zikilazwa na karatasi safi kati yao, hazizidi upana wa vidole vichache, na bweta la karatasi ngumu lililoinuliwa juu ya mawe kuepuka mchwa huzitosha. Kumbe mbao ni deni la picha mbichi peke yake. Picha kavu haidai mbao, inadai uangalifu. Kinacholifanya kabati lipendwe zaidi, kusema kweli, ni macho ya wageni: mgeni akifika shuleni huonyeshwa kabati lenye kufuli, naye husifu, akionyeshwa kichanja cha fito hudhani ameingizwa jikoni.

Na kifanane na cha jikoni, hapana aibu. Tabaka zake zisiwe za mbao pana, kwa kuwa ubao mzima hufunga unyevu chini ya karatasi. Ziwe za matete yaliyokauka vizuri au za wavu wa waya, hewa ipite. Mti mbichi usitumiwe, maana utomvu wake hutia madoa. Picha zenye maji mengi zilazwe, kwani zikitundikwa kwa vibanio kambani rangi hutiririka. Zisizo na maji mengi zaweza kutundikwa zikaacha nafasi. Picha za hadibodi zilizokwisha kukauka zisimamishwe ubavu kwa ubavu kama vitabu, wala zisilazwe moja juu ya nyingine. Kichanja kikae mbali na dirisha linaloingiza mvua na mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Na mtoto asiondoe picha ya mwenziwe ili kupata nafasi. Nafasi zihesabiwe kabla rangi haijafunguliwa.

Lipo moja linalobaki gumu. Baada ya juma moja picha zimekauka, na hukumu sasa yaweza kufanywa. Ishirini zitaingia bwetani. Thelathini zitakwenda nyumbani, na baadhi yake, pasipo shaka, zitafungiwa maandazi. Mwalimu hana uwezo juu ya hilo, wala hana budi kujisingizia kuwa nao. Awezalo ni kuhakikisha kwamba kila karatasi, ya bwetani na ya nyumbani, ina jina na tarehe nyuma yake kabla haijatoka mkononi mwake. Na liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino hupenya mpaka upande wa pili.