Sumu ya Majani na Haki ya Jirani

Watu wengi husema ya kwamba kitu kilichoota chenyewe ardhini hakiwezi kumtia mtu hatiani kama sumu ya dukani. Wasomaji wetu, neno hili yafaa tulipime.

Katika misitu ya mashariki ya Marekani kuna mti uitwao mjozi mweusi. Tunda lake limevikwa ganda nene la kijani, na maji ya ganda hilo huitia mikono weusi usiotoka upesi kwa sabuni. Wanawake wa Kicherokee hulipika wapate rangi ya kutia matete ya vikapu, nayo ni kazi njema. Lakini mti huo una madhara pia. Nyanya zikipandwa karibu na mizizi yake hunyauka kwa sumu iitwayo jugloni, na farasi akilazwa juu ya maranda ya mbao zake hupatwa na ugonjwa wa kwato. Tena wako watu wa huko waliokuwa wakiyaponda maganda na kuyatupa katika vidimbwi vya mto. Samaki wakalewa, wakaelea, wakaokotwa kwa mikono.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hilo si geni, maana tunao utupa. Majani yake yakipondwa na kutiwa majini, sumu iitwayo rotenoni huingia katika matamvua ya samaki, naye hushindwa kupumua. Mwenye kuvua hivyo hujitetea, akisema, "Sisi twala samaki hao, wala hatuugui." Mara nyingi asema kweli, kwa kuwa tumbo la mtu hunyonya sumu hiyo kidogo tu. Huongeza ya kwamba jua huiondolea nguvu. Hilo nalo ni kweli.

Walakini hajajibu swali lililo kubwa. Wavu una macho. Samaki mchanga hupenya akaenda kukua. Sumu haina macho: huua mkubwa na mdogo, hata wadudu wa majini walio chakula chao. Tena mto hauna ua. Kilichotiwa juu hushuka mpaka kwa mtu wa chini, ambaye hakushauriwa wala hakugawiwa kitoweo. Kwa hiyo twaona ni haki kwamba Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu.

Je, utupa ulaaniwe? Hasha. Wakulima huupanda urutubishe shamba, na unga wa majani yake huzuia wadudu wasitoboe maharagwe ghalani. Jani ni lile lile. Ghalani lakaa pale mwenyewe alipoliweka. Mtoni lakwenda lisikotumwa.

Basi mti hauna hatia. Hatia ni ya mkono uupondao hali mwenyewe ajua kwamba wako watu chini ya mto. Wahenga walinena: mchuma janga hula na wa kwao. Siku zijazo watoto wake yeye yule watatupa ndoana zao katika maji yale yale, wasipate kitu.