Buluu Mbili za Mto Athi

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini kemia yake ni ya kweli, na makosa yake yanaweza kutokea Jumapili yoyote.

Upande wa Makueni, ng'ambo hii ya Mto Athi, palikuwa na kanisa dogo ambalo ukutani mwake alichorwa Bikira Maria katika joho la buluu. Moshi wa mishumaa na vumbi la kiangazi vilikuwa vimemfubaza. Pasaka ilipokaribia, akina mama wa parokia wakaamua kumsafisha. Ndimu zilikuwa tele shambani. Wakakamua, wakachovya vitambaa, wakasugua. Mmoja akasita.

"Mwalimu," akamwita katekista, "mbona kunanuka yai viza?"

Katekista alipofika, bega la Maria lilikuwa limeshapauka.

Joho lile lilipakwa ultramarini, rangi ile ile ya buluu ya kufulia. Ubuluu wake hutokana na salfa iliyofungiwa ndani ya fuwele. Asidi huvunja fuwele, hata asidi ya ndimu, na sehemu ya salfa hutoroka ikiwa gesi inayonuka yai bovu. Ikishatoroka, joho halirudi.

Habari ikavuka mto hadi Kitui, kwenye kanisa lenye Maria wake wa joho la buluu. Katekista wa huko, mtu mwangalifu, akapiga marufuku ndimu. Wakatumia maji ya magadi. Joho likageuka kahawia, kwa sababu buluu yao ilikuwa ya Prussia, iliyotengenezwa kwa chuma, na adui wake mkubwa ni magadi na chokaa.

Hapo ndipo kisa kinaponiuma. Watu wa Kitui walisikia onyo na wakalitii. Onyo lenyewe ndilo lililohusu rangi nyingine, na kwa jicho buluu hizo mbili zinaweza kufanana sana.

Kuzitofautisha hakuhitaji kukwangua hata chembe. Kipimo cha eksirei cha kushika mkononi huelekezwa ukutani, na kila elementi hujibu kwa nishati yake. Chuma hujibu kwenye 6.4 keV. Lakini vumbi jekundu la Ukambani nalo limejaa chuma, basi jibu hilo peke yake si ushahidi. Ultramarini nayo karibu inyamaze: sodiamu yake ni nyepesi mno, na hewa humeza ishara yake kabla haijafika kwenye kipimo. Ndipo inapohitajika mbinu iliyotokana na ugunduzi wa mwanafizikia C. V. Raman nchini India mwaka 1928. Leza humulika rangi, na sehemu ndogo ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika kulingana na mtikisiko wa molekuli. Ultramarini huonyesha kilele karibu na 548 kwenye mizani ya Raman. Ya Prussia, karibu na 2,150. Leza iwe dhaifu, maana ikizidi nguvu huunguza buluu ya Prussia.

Hatari hii si ya kisa tu. Kanisa Kuu la Mtakatifu James, Murang'a, lina michoro mitano mikubwa ya maisha ya Yesu, aliyoichora Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, kati ya 1956 na 1959. Yesu wake ni Mwafrika. Kitambaa kimoja chenye maji yasiyofaa kinaweza kumharibu.

Kwa hiyo, kabla ya ndoo kuingia kanisani, baraza la parokia liwaandikie Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, au Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo ina vipimo vya eksirei. Jibu likichelewa, vumbi lipanguswe kwa brashi laini, kavu, na pale tu ambapo rangi haimeguki.